Mshenga wa Sikitu

Kama kulikuwa na kitu Leokadia alichokichoka kuliko ugonjwa wenyewe, basi ni vikao. Ugonjwa angalau ulikuja bila kutaka sala ya kufungua.

Kikao cha ushuhuda kilipangwa kuanza saa nane mchana, Jumamosi. Saa tisa na robo, sebule yake ilikuwa na watu watatu na ndoo ya ulanzi, pombe ya mianzi: yeye mwenyewe, mumewe Gaudensi, na wifi yake Fotunata, aliyeishi nao. Skola, mdogo wake Leokadia, alikuwa kwenye skrini kutoka Makambako, akiuliza kila dakika mbili, "Mnanisikia?" Aliyekuwa akisubiriwa ni Otmari, kaka mkubwa wa Gaudensi na mwenyekiti wa ukoo. Gari lake la kujiendesha lilifika kwenye tope la njia ya shule, likapima, likatangaza kwamba barabara hiyo si salama kwa abiria, likajizima. Mzee akashuka, akakunja suruali hadi magotini, akaja kwa miguu. Na bado, baada ya kuchelewa kote huko, hakukubali neno lisemwe mpaka ajenda zisomwe.

"Ajenda ya kwanza, kufungua kikao," alisema huku akijipangusa tope.

"Shemeji, tumeshafungua," alisema Leokadia.

"Hamjafungua. Mmekaa tu."

Basi wakafungua.

Sikitu, mtoto mwenyewe, miaka tisa, alikuwa chumbani akiangalia katuni. Sheria haikumruhusu anayeshuhudiwa kukaa kikaoni. Ugonjwa wake ulikuwa na jina refu ambalo hata daktari alilisoma kwenye karatasi, lakini pale Mafinga watu waliuita ugonjwa wa waya, na hawakukosea. Neva za mtu zimevikwa ala kama waya ulivyovikwa plastiki. Ala ya Sikitu ilikuwa ikichubuka, kuanzia miguuni ikipanda juu. Amri ilitoka kichwani nzima, ikafika chini vipande vipande. Wazazi wake waliambiwa akiwa na miaka sita, na hakuna aliyewadanganya kwamba utapona. Waliambiwa utacheleweshwa.

Aliyeuchelewesha ni mshenga. Jina la kiwandani lilikuwa jingine, ila watu walilikataa mapema. Kilikuwa kidude cha ukubwa wa punje ya harage, kimepachikwa chini ya ngozi nyuma ya sikio. Kazi yake ilikuwa kulipokea neno linakotoka na kulipitisha njia ya pembeni mpaka kwenye ulimi, au kwenye mguu kama ni hatua. Neno likimfikia limechanika, mshenga alijaza pengo kwa kukisia mtoto huyu angesema nini hapo. Ili akisie vizuri, lazima amjue mtoto. Na ili asimjue kupitia mzazi mmoja tu, anayeweza kujitengenezea mtoto anayemtaka, sheria ikaamua kwamba kila miezi mitatu ndugu watano wakae, wachezewe rekodi, na kwa kila rekodi waseme ndiye au siye. Wengi wakisema ndiye, mshenga alijifunza. Wengi wakisema siye, aliihesabu tabia hiyo kuwa ni ugonjwa, na safari nyingine akairekebisha.

Walioitunga sheria hiyo walikuwa watu wenye akili sana. Ila hawakuwahi kukaa kikao cha ukoo.

Rekodi tatu za kwanza zilipita vizuri. Ya nne ilikuwa ya jikoni. Sauti ya Sikitu ilitoka nzitonzito lakini yake: "Sitaki! Uji wa shangazi unanuka moshi!" Kisha kikombe kikasikika kikianguka.

Fotunata alikaza shingo. Uji ule aliupika kwa kuni makusudi, kwa sababu jiko la umeme, kwa maneno yake, linaua ladha.

"Siye," alisema.

"Wifi, ndivyo anavyosema kila siku ya Mungu."

"Huo ni ugonjwa unaosema. Mtoto wa kaka yangu hawezi kuniaibisha hivyo mbele ya watu."

"Watu gani? Mlikuwa jikoni wawili!"

"Siye," alisema Otmari. "Mtoto wa Kihehe ana adabu. Tuandike siye."

"Mnanisikia? Siye," alisema Skola. "Haloo? Nimesema siye."

Gaudensi alikuwa akiangalia sakafu. Hakuwahi kumpinga kaka yake toka azaliwe na hakuona sababu ya kuanza siku hiyo. "Siye," alisema.

Leokadia alikuwa amesimama kwenye mashine ya kupasua mbao tangu saa kumi na moja alfajiri hadi mchana. Kiuno kilimuuma, nguo zilikuwa kwenye beseni, na rekodi zilibaki ishirini na sita. Akisema ndiye, Otmari angetaka kila mjumbe ajieleze, kisha kura irudiwe. Na kura yake moja ingebadilisha nini?

"Haya, siye," alisema. "Tuendelee, jamani."

Wakaendelea. Kulalamikia kiatu, siye. Kununa wakati wa rozari, siye. Kumwambia katekista kwamba sala zake ni ndefu, siye mara tano, na Otmari akapiga ishara ya msalaba. Ilipofika saa kumi na mbili walikuwa wamemshuhudia mtoto kama yule anayesomwa kwenye wasifu wa marehemu, aliyependwa na wote na asiyewahi kugombana na mtu. Ushuhuda ungekauka baada ya siku ishirini na moja, kama saruji, na baada ya hapo haufutiki. Otmari alifunga kikao kwa sala, ndoo ya ulanzi ikafunguliwa.

* * *

Karibu wiki tatu zikapita, na kwa kweli zilikuwa wiki nzuri. Hilo ndilo lililomuudhi Leokadia baadaye kuliko yote.

Sikitu alitembea kutoka chumbani hadi uani bila kushikwa. Aliamka na shikamoo, akalala na usiku mwema. Uji wa shangazi aliunywa wote, kikombe akakirudisha kwa mikono miwili. Fotunata alitembea mtaa mzima akiwaeleza watu. Komunyo ya kwanza ilikuwa inakaribia, na katekista alisema hajapata mwanafunzi kama huyo. Ni kweli machozi yalikuwa yakimlengalenga mtoto asubuhi, lakini Fotunata alisema ni moshi wa jikoni, na moshi ulikuwepo.

Kila asubuhi Leokadia alipiga magoti kumvalisha kishikizo cha mguu, kile cha plastiki chenye mikanda mitatu kutoka kifundoni hadi gotini. Kila asubuhi aliuliza, "Inabana?"

"Haibani mama. Asante."

Na jioni moja, aliporudi na vumbi la mbao hadi kwenye kope, Sikitu alimwambia, "Pole na kazi, mama. Nakupenda." Mtoto ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kumpa mtu pole ya bure! Leokadia aliingia bafuni, akafungua maji, akalia kwa furaha.

Alhamisi alikuja fundi Komba kufanya ukaguzi. Komba alikuwa Mngoni wa Songea, yaani mtani, na utani wa Wangoni na Wahehe hauna likizo hata nyumba ikiwa na mgonjwa.

"Kamwene humu ndani!" alipiga kelele mlangoni kwa salamu ya Kihehe. "Fungeni mbwa wenu. Najua ni mboga, lakini fungeni."

"Pita, mla panya," alisema Leokadia.

"Ndiyo sababu nikapewa kazi ya waya. Panya anayekata nyaya nimjue nani kama si mimi?" Akaweka begi lake chini, akageukia mlango wa chumbani. "Mla mbwa wangu yupo? Leo mmemchinja yupi?"

Jibu la hapo lilikuwa na mwaka mzima. Sikitu alikuwa akijibu: "Mama, ficha panya, Mngoni kaja na njaa!" Hata mwezi wa sita, ulimi ulipokuwa mzito mno, alipambana nalo dakika tano nzima mpaka akalimaliza, Komba amesimama mikono kiunoni akimsubiri kwa heshima zote.

Siku hiyo Sikitu alitoka chumbani, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mjomba. Karibu sana. Habari za safari?"

Komba hakuitikia. Tabasamu lilimkauka.

"We mtoto. Nimeuliza, leo mmechinja mbwa gani?"

"Tunamshukuru Mungu, mjomba. Nyumbani hawajambo?"

Komba alimgeukia Leokadia. "Mama Sikitu, mmefanya nini hapa?"

"Tumefanya nini tena? Si adabu hiyo? Mnataka nini nyie watu? Akitukana tabu, akiamkia tabu!"

"Mtani haamkiwi hivi. Mimi nikiamkiwa hivi na Mhehe, nauliza kwanza nani kafa."

Akatoa kishikwambi chake, akakiunganisha na mshenga. Ikatokea mistari miwili. Alimweleza Leokadia polepole, kidole kwenye kioo: mstari wa juu ni kile Sikitu anachokituma toka kichwani, wa chini ni kile kinachotoka mdomoni. Kwa kawaida mistari hufanana, ila wa chini unakuwa umezibwa matundu. Akarudi nyuma hadi asubuhi ya siku hiyo, saa moja na dakika kumi.

Mstari wa chini ulisema: Haibani mama. Asante.

Wa juu ulisema: Inabana.

Leokadia aliusoma mara mbili. "Rudi jana," alisema.

Jana, juu: Inabana. Mama inabana. Mguu unaungua. Chini: Haibani mama. Asante.

Juzi, juu: Mama. Mama. Mama wewe. Chini: Haibani mama. Asante.

"Mliipigia siye kila rekodi ya malalamiko," alisema Komba. Sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Uji, kiatu, baridi, sala. Mshenga akajumlisha: mtoto huyu halalamiki. Akilalamika, ni ugonjwa. Kwa hiyo sasa hajazi matundu tu. Neno zima, zuri, lisilo na tundu, analichukua na kulibadilisha."

Leokadia hakuwa akisikiliza. Alikuwa sakafuni akifungua mikanda. Chini ya mkanda wa kati, soksi ilikuwa imegandana na ngozi. Aliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akaivuta kidogo kidogo. Kidonda kilikuwa kipana kama kifuniko cha soda, na katikati kimeshaanza kuchimbika.

"Siku ngapi?" aliuliza.

Komba alihesabu kwenye kioo. "Ya kwanza ni siku mbili baada ya kikao chenu. Kumi na nane."

Siku kumi na nane, na kila siku yeye mwenyewe, kwa mikono yake, amekaza mikanda na kupokea asante. Alimtazama mwanawe. Sikitu alikuwa akitabasamu, na machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Macho hayakupitia kwa mshenga.

"Usijali, mama," alisema Sikitu. "Sijambo."

* * *

"Kwa nini usiondoe malalamiko tu?" aliuliza Gaudensi alipotoka kwenye viazi vyake na kuelezwa. Nesi alikuwa ameshakuja kufunga kidonda. "Acha mengine yote, ondoa hilo moja."

"Mshenga ameshayasuka pamoja, kama mkeka," alisema Komba. "Ukivuta ukili mmoja, wote unafumuka. Ni kufuta ushuhuda mzima au kuuacha."

"Na tukiufuta?"

"Mtoto anarudi alipofikishwa na ugonjwa, si alipokuwa miezi mitatu nyuma. Neno moja kwa dakika, pengine mbili. Kutembea mpaka ashikwe. Mshenga ataanza kujifunza upya, lakini ugonjwa hautamsubiri. Mengine hayatarudi, baba Sikitu. Siwezi kukuficha. Na kufuta kunataka wote watano waseme ndiye kwa maneno yake ya kweli. Wote, si wengi. Kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni."

"Na Jumapili ni komunyo."

"Hiyo ratiba hamkunishirikisha."

Gaudensi alisimama dirishani. Nje, ukungu ulikuwa umekaa juu ya misonobari. "Mimi nimeongea na binti yangu wiki tatu hizi," alisema. "Mwaka mzima nilikuwa nasikia vipande. Wiki tatu tumeongea. Juzi kaniambia ananipenda. Sasa unataka niende nikapige kura kwamba ilikuwa mashine?"

"Nataka ukapige kura kwamba mguu unauma!" Leokadia alifoka. "Nimechoka, Gaudensi! Nimechoka na adabu! Huyu mtoto ameoza mguu huku anatuamkia!"

"Fundi anaweza kuangalia," Gaudensi alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo ya kunipenda. Juu yake kulikuwa na nini."

Komba alikishika kishikwambi bila kukigusa kioo.

"Hapana," Gaudensi alisema haraka. "Usiifungue. Nakuomba, fundi, hiyo usiifungue."

Leokadia alifungua mdomo amseme, kisha akaukumbuka mstari wa kwake, wa pole na kazi. Naye hakutaka ufunguliwe. Alinyanyua beseni la maji machafu, akaenda kuyamwaga.

* * *

Jumamosi, Otmari alifika mapema kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo, na alikuja na msimamo.

"Jumapili ipite kwanza," alisema. "Waalikwa wameshaambiwa. Mtoto apokee komunyo vizuri, tupige picha, Jumatatu tukae."

"Jumatatu ushuhuda utakuwa umekauka, shemeji. Mwisho ni leo saa kumi na mbili."

"Basi tujadili kwa utaratibu. Bila utaratibu hatuwezi."

Leokadia alimtazama. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa neno utaratibu lilikuwa limemla maisha. Siku hiyo lilimpa wazo.

"Sawa," alisema. "Ajenda ya kwanza tumefungua. Ajenda ya pili ni ipi, mwenyekiti?"

"Kusoma kumbukumbu zilizopita."

"Nimeziandaa." Akakichukua kishikwambi cha Komba, akasimama wima kama katibu. "Jumatatu, saa moja asubuhi. Mama kauliza, inabana. Sikitu kasema, inabana. Mshenga kasema, haibani mama, asante. Jumanne, saa moja asubuhi. Mama kauliza, inabana. Sikitu kasema, inabana, mama legeza..."

Alisoma bila kupandisha sauti. Kwenye skrini Skola alianza kulia siku ya nne, akasema ndiye kabla hajaulizwa. Gaudensi alifunika uso. Siku ya tisa, Otmari alivua kofia.

"Inatosha," alisema.

"Haijatosha, shemeji. Kumbukumbu husomwa zote."

Akazisoma zote kumi na nane. Alipomaliza, Gaudensi alisema ndiye kwenye viganja vyake. Otmari alijikohoza muda mrefu. "Ndiye," alisema, na hakumtaka mtu yeyote ajieleze.

Akabaki Fotunata. Alikuwa amelipakata gauni jeupe la komunyo alilolishona kwa mkono, akinyoosha lesi ambayo haikuwa na kunyanzi hata moja.

"Mimi sitasema," alisema. "Mnataka kesho atoke udenda mbele ya Padri? Ashindwe hata kusema Amina? Kidonda kimefungwa, mikanda tumeilegeza, sasa tatizo liko wapi? Tutakuwa tunamkagua mguu kila siku. Mimi mwenyewe nitakagua!"

"Na akiumwa tumbo, wifi? Akiumwa jino? Tutamkagua wapi na wapi?"

"Huyu wa sasa ananipenda!" Fotunata alipiga kelele, na gauni likaanguka. "Wiki tatu amekunywa uji wangu! Wewe una mtoto, mimi nina uji tu humu ndani!"

Leokadia alijua ni kweli. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na moja kasorobo.

"Komba, mlete," alisema mwishowe. "Mzime mshenga. Wifi amuulize mwenyewe."

"Sheria hairuhusu mtoto kikaoni," alisema Otmari, lakini kwa mazoea tu.

"Shemeji, wewe nawe kanywe ulanzi."

Komba alimbeba Sikitu, akamkalisha kwenye kochi, akaweka kiganja chini ya kidevu chake. "Dakika kumi," alisema. "Zaidi ya hapo koo linalegea, anaweza kupaliwa." Akabonyeza.

Mtoto alishuka mwili mzima. Mabega yalianguka, mdomo ukapinda, mkono mmoja ukaanza kuchezacheza peke yake. Macho yalibaki palepale, yakiwaangalia mmoja mmoja. Fotunata alipiga magoti mbele yake. Mtoto aliitwa jina la marehemu mama yao, na kwa hiyo Fotunata alimwita hivyo siku zote.

"Hujambo, mama yangu?"

Dakika ikapita. Mdomo ulijaribu, ukashindwa, ukajaribu.

"U... ji."

Uso wa Fotunata uliwaka. "Unataka uji? Nikuletee uji?"

"U... na... nu..." Udenda ulishuka, Komba akaupangusa kwa mkono wa shati. "...ka. Mo... shi."

Hakuna aliyecheka. Leokadia alisogea, akamshika mwanawe goti la mguu usio na kidonda. "Sikitu, nisikilize. Nikimtoa huyu wa adabu, utasema hivi hivi, kwa tabu. Kesho hutatembea kanisani. Pengine hutatembea tena. Nikimwacha, utatembea, lakini maneno atasema yeye. Unataka yapi?"

Dakika ikapita, na nyingine. "Mbili zimebaki," alinong'ona Komba.

"Ya..." alisema Sikitu. Shingo ilimkaza kwa bidii. "Ya... ngu."

Kisha macho yakapanda hadi kwa Komba. "Pa... nya," alisema.

"Nipo, mla mbwa wangu," alisema Komba. "Nipo hapa." Akabonyeza, mwili ukajikusanya, mtoto akanyooka kwenye kochi. "Shikamooni wote," alisema kwa sauti safi.

Fotunata bado alikuwa magotini.

"Mama alinisema hivyo hivyo," alisema, bila kumwangalia mtu. "Marehemu. Asubuhi ya mwisho, hospitali. Nilimpelekea uji, akaonja, akasema unanuka moshi, akageukia ukutani. Msibani waliponiuliza maneno yake ya mwisho, nikawaambia alisema asante."

Otmari aligeuka kumtazama dada yake. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiisimulia ile asante kwenye kila misa ya kumbukumbu.

"Ndiye," alisema Fotunata kwa hasira, akaokota gauni na kulikung'uta. "Si mmemsikia? Mdomo wa bibi yake huo. Ndiye! Andikeni basi, mnangoja nini?"

Kura ya Leokadia ndiyo ilibaki, na ilichelewa wiki tatu.

"Ndiye," alisema.

* * *

Jumapili ukungu haukuondoka. Kengele ya kwanza ililia Leokadia akiwa bado sakafuni, na gauni jeupe likiwa nusu limevaliwa. Kiti cha magurudumu kilikuwa mlangoni. Kuvaa tu kulikuwa kumechukua saa nzima, na uji, uliopikwa siku hiyo kwenye jiko la umeme na Fotunata aliyenuna, ulikuwa umechukua nusu saa nyingine, kijiko kwa kijiko.

"Mnachelewa!" Fotunata alipiga kelele kutoka uani. "Padri hatasubiri ukoo wetu!"

Leokadia alizungushia pamba na bandeji, akaweka kishikizo, akafunga mkanda wa chini, wa kati akaupitisha mbali na kidonda, akafunga wa juu. Akainua macho.

"Inabana?"

Sikitu alianza kulitafuta neno. Mdomo ulifunguka na kujifunga. Kengele ya pili ililia. Uani, Gaudensi aliwasha gari. Fotunata alikuja hadi mlangoni na mkoba wake, akafungua kinywa aseme tena, akamwona mtoto, akaegemea fremu. Leokadia alibaki kwenye magoti yake. Magoti yalimuuma na alikuwa na hamu ya kupiga kelele, lakini alisubiri.

"I..." alisema Sikitu. "I... na... ba... na."

Leokadia akaulegeza mkanda tundu moja, akamtazama tena, akasubiri.